Chagua kozi kwanza, mtihani utafuata

Wazazi wenzangu, na ninyi vijana mlio sekondari,

Simu huanza hivi. Binamu aliyepelekwa Texas anapiga jioni, mnasalimiana, mnapeana habari za nyumbani, kisha anauliza: "Mtoto ameshafanya SAT?" Simu ikikatwa, nyumba nzima haina amani. Hapa London hakuna aliyewatajia SAT. Je, mmechelewa?

Hapana. SAT na ACT ni mitihani ya kuingilia vyuo vya Marekani. Kijana anayesoma A level hapa na anayeomba chuo cha Uingereza haihitaji. Lakini wasiwasi wa binamu una msingi. Uingereza nayo ina mitihani yake kwa kozi zenye ushindani mkubwa, na tarehe za kujisajili nyingi huangukia likizo ya kiangazi, shule zikiwa zimefungwa.

Haya nimejifunza kwa kuumia. Binti yangu mkubwa alitaka udaktari. Jirani alituambia kila mgeni lazima awe na IELTS, basi tukakimbilia kuilipia, tena ile ya watu wa viza. Kumbe alikuwa na gredi 7 ya Kiingereza katika GCSE, na vyuo alivyovitaka viliridhika nayo. Mtihani aliouhitaji kweli ulikuwa UCAT. Tulikuja kuujua mwezi wa kumi, usajili umeshafungwa. Alisubiri mwaka mzima. Naandika somo hili ili mwaka kama huo usipotee nyumbani kwako.

Somo la kwanza: mtihani hufuata kozi

Usianze kwa kuuliza "mtihani gani ni mzuri?" Anza na kozi anayoitaka mtoto. Fungua tovuti ya kila chuo, tafuta kozi hiyo, usome sehemu ya masharti ya kuingia, na uangalie kuwa ni ya mwaka ambao mtoto ataanza. Kozi nyingi hazina mtihani wowote wa ziada. Hutazama matokeo ya A level na maombi yenyewe tu. Zenye mtihani, mara nyingi ni hizi:

Udaktari na udaktari wa meno: UCAT. Zamani kulikuwa na BMAT pia, lakini ulifanyika mara ya mwisho mwaka 2023. Ukikuta kitabu chake dukani, kiache hapo hapo.

Sheria: LNAT. Unadaiwa na UCL, King's College London, LSE, Oxford, Cambridge na vingine vichache. Zipo kozi nyingi za sheria, hata hapa London, zisizoudai.

Hisabati, kompyuta na uchumi: TMUA. Imperial huutumia kwa hisabati na kompyuta. LSE na UCL kwa shahada ya uchumi.

Uhandisi na baadhi ya sayansi: ESAT, hasa Imperial na Cambridge.

Somo la pili: jua utapata matokeo lini

Maombi yote hupitia UCAS, na mwombaji huchagua kozi 5. Anayeomba udaktari anaruhusiwa kuweka kozi 4 za udaktari. Nafasi ya tano ni ya kozi nyingine. Na hakuna anayeweza kuomba Oxford na Cambridge kwa mwaka mmoja.

Sasa angalia tofauti hii, maana ndiyo inayobadilisha uamuzi. UCAT hufanyika Julai hadi karibu mwisho wa Septemba, na matokeo hutoka haraka, kabla ya kutuma maombi. Kwa hiyo mtoto huchagua vyuo akiwa na alama zake mkononi. Akipata alama za chini, aviepuke vyuo vinavyoipa UCAT uzito mkubwa, aelekee vile vinavyotazama zaidi GCSE na mambo mengine. Vyuo vingi hueleza kwenye tovuti zao jinsi vinavyoitumia.

LNAT ni kinyume. Mwombaji hutuma maombi bila kujua amepata ngapi. Akiweka kozi zote 5 zinazodai LNAT, siku moja mbaya inaweza kuziharibu zote. Afadhali achanganye, kwa mfano 3 zenye LNAT na 2 zisizo nayo.

Mitihani hii haina marudio ya haraka. UCAT, kwa mfano, hufanywa mara moja tu kwa mwaka, na matokeo yake hutumika kwa maombi ya mwaka huo pekee. Msimwambie mtoto "nenda kajaribu tu." Jaribio hilo ndilo litakalohesabiwa.

Somo la tatu: Kiingereza

Hapa ndipo familia zetu hupoteza pesa. IELTS ya viza ni ya mtu anayeomba viza. Mwenye hadhi ya ukimbizi haombi viza ya mwanafunzi, kwa hiyo anachotakiwa kutimiza ni sharti la chuo tu.

Vyuo vingi hukubali gredi ya GCSE ya Kiingereza. Vingine hutaka 4, vingine 5 au 6. Soma ukurasa wa kozi. Kama mtoto anayo, msilipe mtihani mwingine. Kama hana, zipo njia mbili. Ya kwanza ni kufanya GCSE ya Kiingereza, ambayo hufanyika Mei na Juni, na kwa wanaorudia, Novemba pia. Mtu mzima wa miaka 19 na zaidi ambaye hana gredi 4 kwa kawaida husomeshwa bure katika chuo cha mtaani. Ya pili ni IELTS ya masomo, ile inayoitwa Academic, siyo General Training. Matokeo yake hudumu miaka 2, basi usiifanye mapema kupita kiasi. Vyeti vya ESOL ni vizuri kwa maisha na kazi, lakini vyuo vyenye ushindani mara nyingi havivikubali peke yake. Barua pepe ya mistari mitatu kwa ofisi ya udahili inaweza kukuokolea karibu pauni 200.

Na vyeti vya nyumbani? Msivitupe. KCSE ya Kenya kwa kawaida hapa hulinganishwa na GCSE, siyo A level, kwa hiyo aliyefika nayo hutarajiwa kuongeza masomo, kama A level au mwaka wa maandalizi. Kwa kidato cha sita cha Tanzania au diploma ya serikali ya Kongo, muulizeni kila chuo moja kwa moja, maana hawana jibu moja.

Somo la nne: pesa na kitambulisho

Mwaka 2025 UCAT iligharimu pauni 70 na LNAT pauni 75 kwa wanaofanyia hapa Uingereza. Zote mbili zina msaada wa ada kwa familia zenye kipato kidogo, kwa mfano zinazopokea Universal Credit. Ombeni msaada huo kabla ya kulipa, maana kurudishiwa pesa iliyokwisha kutoka ni kazi nyingine.

Maandalizi ya bure yapo kwenye tovuti rasmi za mitihani yenyewe. Mtoto ayamalize kwanza, akiwa na saa mezani, ndipo mfikirie kununua kozi. Kama nyumbani hakuna kompyuta au utulivu, maktaba ya mtaa ina vyote viwili.

Kituo cha mtihani kitataka kitambulisho chenye picha, na jina lifanane herufi kwa herufi na lile mlilojisajilia. Wengi wetu tuna majina yaliyoandikwa namna mbili, Mwajuma hapa, Mwanajuma pale. Rekebisheni mapema. Someni pia orodha ya vitambulisho vinavyokubaliwa. Kama hati ya kusafiria bado haijatoka, leseni ya muda ya udereva mara nyingi husaidia. Kijana anaweza kuiomba akiwa na miaka 15 na miezi 9, hata kama hana mpango wa kuendesha gari.

Mtoto mwenye ulemavu au tatizo la kusoma kama disleksia anaweza kuomba muda wa ziada, akiwa na ushahidi. Lakini UCAT haiongezi muda kwa sababu tu Kiingereza si lugha ya kwanza. Dawa ya hilo ni mazoezi.

Kalenda ya ukutani

Machi hadi Mei, mwaka wa 12: chagueni kozi na msome masharti.
Juni: fungueni akaunti ya UCAT, ombeni msaada wa ada, wekeni nafasi ya mtihani.
Julai na Agosti: UCAT yenyewe, usajili wa LNAT hufunguliwa Agosti.
Septemba: siku za mwisho za UCAT, na pia za kujisajili kwa mitihani mingi ya Oktoba.
15 Oktoba: mwisho wa maombi ya udaktari, udaktari wa meno na wa mifugo, na ya Oxford na Cambridge. Anayeomba sheria katika vyuo hivi viwili awe ameshafanya LNAT kufikia katikati ya mwezi huu.
Januari: mwisho wa maombi ya kozi nyingine nyingi.

Zoezi la nyumbani

Jumapili hii kaeni mezani na mtoto, mchore safu nne kwenye karatasi: kozi, mtihani unaodaiwa, siku ya mwisho ya kujisajili, gredi ya Kiingereza. Jazeni mistari 5. Panapobaki wazi, mtoto ampelekee mwalimu mshauri Jumatatu. Kuuliza si ujinga.

Binti yangu aliomba tena mwaka uliofuata. Karatasi yake ya safu nne bado imebandikwa kwenye friji yetu, na mdogo wake ameanza kujaza ya kwake pembeni yake.