Furu na Watoto Wake

Je, umewahi kumwona samaki anayelea watoto mdomoni? Katika Ziwa Viktoria, ufukoni mwa Geita, wako samaki wadogo waitwao furu. Furu jike akisha kutaga, huyakusanya mayai kinywani. Huyabeba kwa muda wa wiki mbili au tatu, wala hali vizuri. Watoto wakiona hatari, hukimbilia tena mdomoni mwa mama yao.

Tufuge furu darasani

1. Weka mchanga uliooshwa na mawe katika tangi kubwa la kioo.
2. Tia maji safi. Usiteke maji karibu na machimbo ya dhahabu. Huenda yana zebaki, nayo ni sumu.
3. Weka dume mmoja na majike watatu. Walishe kidogo kidogo.
4. Kila wiki badili robo ya maji, kwa kuwa kinyesi na mabaki ya chakula huyachafua.
5. Ukimwona jike hali, na kidevu chake kimetuna, usimsumbue.

Sangara waliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, wakawala furu wengi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980, aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka. Aina chache zilihifadhiwa katika matangi huko Ulaya na Marekani, zikazaliana humo. Basi, tangi linalotunzwa vizuri laweza kuokoa aina ya kiumbe.

Maswali

1. Furu jike huyalindaje mayai yake?
2. Kwa nini tunabadili maji ya tangi?