Magurudumu Mapya kwa Baiskeli ya Gia: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Baiskeli nyingi zinazoachwa nyuma ya nyumba katika kaunti yetu zina fremu nzima kabisa. Kilichoziangusha ni magurudumu. Rimu imepinda, spoki tatu zimekatika, ekseli ya nyuma imevunjika ndani ya habu, na mwenyewe amechoka kulipia pancha kila wiki. Fremu ya chuma au ya aluminiamu hudumu miaka mingi. Gurudumu la nyuma linalobebeshwa jerikeni mbili za lita 20, ambazo ni kilo 40 bila kumhesabu anayeendesha, likapitishwa kwenye mchanga na makorongo, hulazimika kubadilishwa mapema.

Somo la toleo hili ni la mkazi aliye na baiskeli ya gia, ile ya matairi mapana tuliyozoea kuinunua mpya au ya mtumba, anayetaka kuibadilishia magurudumu. Huenda ni mhamasishaji wa afya ya jamii anayezunguka nyumba kwa nyumba, mkulima wa Sankuri au Korakora anayeleta ndizi sokoni, au mwanafunzi wa Iftin. Kazi hii fundi anaiweza, na mtu makini mwenye spana anaiweza pia. Lakini ikifanywa vibaya inaumiza. Gurudumu la mbele likichomoka kwenye barabara kuu ya kwenda Nairobi, lori likiwa nyuma yako, hutapata nafasi ya kurekebisha kosa.

Gurudumu hushikiliwa na mvuto

Ni vyema kuelewa kwanza kwa nini gurudumu husimama. Wengi hudhani spoki ni nguzo zinazobeba uzito kutoka chini. Sivyo. Spoki ni waya mwembamba, kwa kawaida milimita 2, na ukiisukuma kutoka nchani itajikunja tu. Inafanya kazi kama kamba za hema: kila moja inavuta, na kwa kuwa zote zinavuta kwa kipimo kinachokaribiana, hema linasimama. Uzito ukija, spoki za chini hulegea kidogo na zile nyingine huendelea kuishikilia rimu isipoteze umbo.

Ndiyo maana spoki moja iliyolegea si jambo dogo. Jirani zake hubeba mzigo wake, kila mzunguko hulegea na kukaza, na mwishowe moja hukatika pale ilipopindwa kuingia kwenye habu. Mara nyingi hukatika upande wa mnyororo, kwa sababu upande huo spoki huvutwa zaidi ili kuacha nafasi ya meno ya gia. Ukikata spoki mara kwa mara upande huo, usiendelee kununua moja moja. Gurudumu lote limechoka.

Dalili nyingine ya kutazama, hasa kwenye baiskeli zenye breki za raba, ni ukuta wa rimu. Pitisha kidole mahali raba inapogusa. Ukihisi bonde, rimu imeliwa. Rimu ya aina hiyo inaweza kupasuka kwa shinikizo la tairi lenyewe bila kugonga kitu.

Vipimo

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu anaagiza magurudumu Nairobi, yanafika na basi la usiku, asubuhi anagundua hayaingii.

Anza na ukubwa. Usitegemee neno "inchi 26" peke yake, kwa sababu kuna zaidi ya saizi moja inayouzwa kwa jina hilo. Soma ubavu wa tairi lako la sasa utafute namba mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 54-559. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu, na hiyo ndiyo isiyobadilika. Baiskeli ya gia ya inchi 26 ni 559. Ya inchi 27.5 ni 584, na ya inchi 29 ni 622. Tairi la inchi 26 lililoandikwa 1 3/8 ni 590, na halitakaa kwenye rimu ya 559 hata ukilivuta kwa vijiko vya fundi kutwa nzima. Ile Black Mamba ya babu yenye inchi 28 kwa 1 1/2 ni 635, kwa hivyo usitarajie kuhamisha gurudumu lake.

Kisha pima nafasi. Toa gurudumu, chukua rula, upime kati ya midomo miwili ya foki, upande wa ndani hadi upande wa ndani. Baiskeli nyingi za gia huwa na milimita 100 mbele na 135 nyuma. Baiskeli mpya zaidi, pamoja na baadhi ya zile za mtumba kutoka Ulaya, hazina midomo iliyo wazi. Zina tundu na mhimili mnene unaopenyezwa na kukazwa, wa milimita 15 mbele na 12 nyuma, na nafasi ya nyuma huwa 142 au 148. Hizi aina mbili hazichanganyiki. Kupanua fremu ya aluminiamu kwa nguvu ili gurudumu liingie ni kuitafutia ufa.

La tatu ni breki. Kama baiskeli yako ina breki za raba zinazobana rimu, nunua rimu yenye ukuta laini ulionyooka uliotengenezwa kwa ajili hiyo. Kama ni breki za diski, habu lazima iwe na mahali pa kufungia diski, mara nyingi kwa skrubu 6. Habu ya diski ikifungwa kwenye rimu isiyo na ukuta wa breki, nayo baiskeli ni ya raba, umenunua gurudumu lisilosimama.

La mwisho ni meno ya nyuma, na hili wauzaji hulipita haraka. Kuna friwili, ambayo hufungwa kwa nyuzi juu ya habu kama kifuniko cha chupa, na kuna kaseti, ambayo ni meno yanayovishwa juu ya mwili wa habu na kubanwa kwa pete. Zungusha meno kinyumenyume uangalie duara la katikati lenye mapengo ya kuingizia kifaa. Likizunguka pamoja na meno, hiyo ni kaseti. Likitulia pamoja na habu, ni friwili. Kaseti ya gia 8, 9 au 10 za kawaida huingia kwenye mwili uleule, na ile ya 7 huhitaji pete ya kujazia ya milimita 4.5.

Kwa anayebeba mizigo, ushauri wetu uko wazi: ukiweza, chagua habu ya kaseti. Kwenye habu ya friwili beringi ya upande wa mnyororo iko ndani, mbali na mdomo wa fremu, na kipande kirefu cha ekseli hubaki bila mhimili. Jerikeni zikiruka kwenye shimo, hapo ndipo inapopinda. Habu ya kaseti ina beringi karibu na ukingo, kwa hiyo ekseli haipati shida hiyo.

Mchanga, joto na mathenge

Magurudumu mepesi ya mashindano hayana kazi hapa. Tafuta rimu ya kuta mbili, yaani ile ambayo ukitazama ndani yake unaona chumba kati ya sakafu ya juu na ya chini, na spoki 36 ikiwa unabeba mizigo. Spoki 32 zinatosha kwa mtu na mkoba. Spoki za chuma kisichoshika kutu zinastahili pesa ya ziada, hasa kwa wanaoishi karibu na Mto Tana.

Kuhusu beringi kuna mvutano wa kweli. Beringi zilizofungwa huzuia vumbi jekundu la Dadaab na maji ya matope vizuri zaidi, lakini zikiisha lazima upate namba yake hasa na kifaa cha kuzing'oa. Gololi na koni hupokea uchafu haraka, ila kila kibanda cha fundi kina gololi za robo inchi kwa nyuma na za 3/16 kwa mbele, pamoja na grisi. Anayeishi Hulugho au Balambala, mbali na duka la vipuri, pengine atafaidika zaidi na gololi, mradi habu ifunguliwe na kupakwa grisi mpya kila baada ya miezi michache. Baiskeli iliyovushwa kwenye maji ya mafuriko hadi juu ya habu, kama yale yaliyofunika barabara upande wa Madogo mwishoni mwa 2023 na tena 2024, haipaswi kusubiri hata wiki. Beringi zilizofungwa nazo huingia maji zikizama.

Sasa miiba. Mathenge ulipandwa kwenye maeneo kame ya Kenya miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kutoa kuni. Mwaka 2008 serikali iliutangaza kuwa gugu hatari, baada ya wakazi wa Baringo kufika kortini na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake. Kando ya Tana tunaujua kwa miguu yetu na kwa matairi yetu. Mwiba wake mgumu hupenya tairi la kawaida bila shida.

Tairi lisilo na tyubu, lenye dawa ya maji inayoziba tundu lenyewe, ndilo linalosifiwa ng'ambo. Linafanya kazi, lakini linataka rimu na tairi vilivyotengenezwa kwa mfumo huo, na kwenye joto letu dawa hukauka upesi na kuhitaji kuongezwa. Njia ya wengi hapa ni tyubu nene na utepe uliokatwa kutoka tairi kuukuu, kingo zake zikachongwa ziwe nyembamba, ukawekwa kati ya tairi na tyubu. Kingo zisipochongwa zitaisugua tyubu hadi itoboke, na mathenge utalaumiwa bure.

Chagua rimu yenye tundu la valvu nene, ile ya gari na bodaboda. Utapata upepo kwenye kituo chochote cha mafuta. Valvu nyembamba inataka pampu yake au kichwa cha kubadilishia, na tundu lake la milimita 6.5 haliruhusu valvu nene inayohitaji 8.5.

Kufunga

Kabla ya kuvisha tairi, angalia utepe unaofunika vichwa vya spoki ndani ya rimu. Kwenye rimu ya kuta mbili, kipande cha tyubu kuukuu hakitoshi. Hewa huisukuma tyubu ndani ya matundu hadi ipasuke. Tumia utepe mgumu wa kitambaa au plastiki wenye upana wa kufunika matundu yote.

Friwili ikifungwa, paka grisi kwenye nyuzi. Bila grisi, miguu yako itaikaza kila siku hadi isitoke tena bila kuharibu habu. Diski nayo isiguswe na grisi wala mkono wenye mafuta, na skrubu zake zikazwe kwa kuruka upande wa pili kila mara, si kwa kufuatana. Tazama mishale kwenye tairi na diski: huonyesha upande wa kuzungukia.

Tia tyubu hewa kidogo ipate umbo, vishe tairi kwa mikono, na malizia kwenye valvu ukiisukuma ndani ili tyubu isibanwe. Jaza nusu, zungusha uone kama mstari wa ubavuni umekaa sawa pande zote, kisha jaza hadi kipimo kilichoandikwa kwenye tairi. Kwa mchanga mlaini punguza hewa kidogo, lakini si ukiwa na mzigo mzito.

Kwa gurudumu la nyuma, weka mnyororo kwenye jino dogo kabisa, achia breki, ingiza ekseli hadi mwisho wa midomo. Ukaze baiskeli ikiwa imesimama kwa magurudumu yake, kwa sababu uzito wake huikalisha ekseli sawa. Nati nyingi ni za spana namba 15. Kama ni wenzo wa kufunga haraka, uanze kugoma unaponyooka sambamba na ekseli, na ukiusukuma hadi mwisho uache alama kwenye kiganja. Ukifungika kwa urahisi, fungua, kaza nati ya upande wa pili, rudia.

Zungusha gurudumu ukitazama pengo kati ya rimu na raba ya breki, au kati ya rimu na kidole kilichoegemezwa kwenye foki. Likiyumba, nati za spoki hukazwa au kulegezwa robo mzunguko tu kwa wakati mmoja. Kuyumba zaidi ya milimita 3 kwenye gurudumu jipya ni sababu ya kulirudisha dukani. Jaribu breki zote mbili ukiwa umesimama, kisha ukiendesha polepole bila mzigo, kabla ya kutoka barabarani. Gia za nyuma huenda zikahitaji kurekebishwa, hasa ile kubwa, ili mnyororo usirukie ndani ya spoki.

Spoki mpya hujipanga katika safari za mwanzo, na sauti ya tik-tik utakayosikia mara chache ni ya kawaida. Baada ya kama kilomita 50, bana spoki mbili mbili kwa vidole kuzunguka gurudumu. Zilizolegea utazihisi. Kaza nati za ekseli tena wakati huohuo. Hadi ukaguzi huo ufanyike, jerikeni zibebwe moja moja.

Gurudumu la zamani usilitupe. Gololi na koni zikiwa nzima ni vipuri, na tairi lake ndilo utakalokata utepe wa kuzuia miiba.