Krismasi ya kwanza ukweni Tarakea

SWALI: Mimi ni binti wa Lindi. Mchumba wangu Mchaga ananipeleka kwao Tarakea Desemba hii. Nijiandae vipi?

JIBU: Desemba Wachaga wengi hurudi nyumbani, kwa hiyo mgeni hatakuta baba na mama tu. Atakuta mashangazi, wajomba na watoto wa baba wakubwa, kila mmoja na maswali yake.

Abebe sweta. Tarakea iko Rombo, mpakani na Kenya, na jioni za mlimani si za Lindi. Zawadi zisizo na makuu hupokelewa vizuri: sukari, majani ya chai, kitenge cha mama.

Huenda akakaribishwa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kwenye kata. Kama hanywi, mchumba aseme mapema, si kata ikiwa imeshanyooshwa. Mtori, yaani supu nzito ya ndizi, ale; kukataa vyote viwili ni kuwatafutia watu la kusema.

Kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, asichume majani ya isale kwa mchezo. Mmea huo huonyesha mipaka na makaburi, na jani lake hutumika kuombea msamaha.

Mahari asiyaguse, hiyo ni kazi ya mshenga na wazee. Kisheria, Sheria ya Ndoa ya 1971 haiifanyi ndoa kuwa batili kwa sababu mahari hayakulipwa.