Somo la Mwezi Huu: Umaskini wa Utotoni, Familia na Afya ya Akili



Swali moja hurudi mara nyingi katika vikao vya wazazi: "Mtoto wangu alizaliwa kambini. Kuna siku mgao ulikwisha tukalala njaa. Sasa tuko Marekani, lakini hasira zake haziishi. Je, ameshaharibika?" Jibu fupi ni hapana. Somo hili linaeleza kwa nini.

Dhiki inavyomgusa mtoto

Ubongo hukua kwa kasi sana katika miaka ya mwanzo. Njaa, hofu na kuhamahama vikidumu, mwili wa mtoto huzoea kukaa macho, kama mtu anayelala huku akisikiliza mlango. Mtoto huyo hushtuka upesi, hukasirika upesi, na hapati utulivu darasani. Akiwa mkubwa, yuko katika hatari zaidi ya kupata sonona na wasiwasi. Lakini hatari si hukumu. Wengi waliokulia katika dhiki wana afya njema leo, hasa waliokuwa na mtu mzima wa kumtegemea.

Mfano wa North Carolina

Mwaka 1993 watafiti walianza kufuatilia watoto 1,420 katika milima ya magharibi ya jimbo la North Carolina. Baadhi yao walikuwa wa kabila la Cherokee, wenyeji wa asili wa nchi hii. Miaka michache baadaye kabila hilo lilifungua kasino, likaanza kugawa sehemu ya faida kwa watu wake wote. Familia kadhaa zikatoka kwenye umaskini.

Baada ya miaka michache, ukaidi na ugomvi wa watoto wa familia hizo ulipungua hadi kulingana na wa watoto ambao hawakuwahi kuwa maskini. Huzuni na wasiwasi havikubadilika upesi hivyo. Hata hivyo, wale waliokuwa wadogo zaidi fedha zilipoanza kuja walikuwa na matatizo machache ya akili na ya ulevi walipofika utu uzima.

Kwa nini? Watafiti waliona kwamba wazazi walipata nafasi zaidi ya kuwaangalia watoto wao. Fedha ilisaidia kwa kumpa mzazi nafasi ya kuwa karibu na mtoto.

Mnaweza kufanya nini

1. *Pokeeni msaada mnaostahili.* WIC huwapa chakula wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wa chini ya miaka 5 wenye kipato kidogo. Head Start ni shule ya awali ya bure. Si aibu. Kila dola inayobaki mfukoni inaweza kupunguza saa za ziada kazini.

2. *Tengeni dakika kumi kila siku.* Hata mwenye zamu ya usiku anaweza kula na mtoto kabla ya kutoka, simu ikiwa pembeni. Muulize: leo nini kilikufurahisha, nini kilikuudhi?

3. *Msimtwishe mtoto mzigo wa mkubwa.* Kifungua mimba asiwe mlezi wa wadogo wake kila siku, wala mkalimani wa habari za madeni na magonjwa. Hospitali inapaswa kuwapa mkalimani bila malipo. Mwombeni.

4. *Mtulizeni kwanza.* Mtoto aliyezoea hofu hatulizwi na hofu nyingine. Subirini hasira ishuke, kisha mwelezeni kosa lake.

5. *Mzazi naye ajitunze.* Ukikosa usingizi au hamu ya kula kwa wiki mbili, au ukilia bila sababu, mwambie daktari. Mwana hutulia mama au baba akitulia.

Tafuteni msaada mapema

Mtoto akijitenga, akikojoa kitandani tena, au akisema hataki kuishi, ongeeni na daktari au mshauri wa shule. Wengine wanaogopa kwamba wakisema, mtoto atachukuliwa. Kumtafutia mtoto matibabu ni kumlea vizuri. Kukiwa na hatari ya mtu kujidhuru, pigeni 988, usiku au mchana. Tajeni neno "Swahili" mpate mkalimani.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

- Ulipokuwa mdogo, nani alikufanya ujisikie salama? Alifanya nini?
- Wiki hii, dakika zetu kumi zitakuwa saa ngapi?
- Ni mzigo gani wa mkubwa tunaweza kumtua mtoto wetu leo?