Sinema ya Mwigo wa Mzaha kama Zana ya Kufundishia

Mwalimu mwanafunzi atakayepelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika kata ya Mugeta, wilayani Bunda, atawakuta watoto waliokwisha kuona sinema nyingi kabla ya kumwona yeye. Wameziona katika kibanda cha video au katika simu ya kaka, na mara nyingi wameziona zikisimuliwa kwa Kiswahili na mfasiri ambaye sauti yake hufunika sauti za wachezaji. Hiyo ni akiba. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuitumia katika somo la Kiswahili, na kwa sehemu katika Sayansi, kwa njia ya aina moja ya sinema: zile fupi, za gharama ndogo, zinazoiga sinema kubwa za bunilizi ya kisayansi kwa nia ya kuzicheka.

Yafaa tuelewane kwanza juu ya neno. Mwigo wa mzaha si kuiga tu. Mwigaji huchukua umbo la kazi inayojulikana, akaliacha umbo lilivyo, kisha akabadili kilichomo ndani. Mtoto anayesimama mbele ya wenzake kwa sauti nzito ya mwalimu mkuu na kutangaza kwamba kesho kuku wote waje na fagio, amekwisha kufanya mwigo wa mzaha. Uzito umebaki katika sauti, na wepesi umeingia katika maneno. Wasikilizaji wanacheka kwa sababu wanaijua paredi. Asiyepata kuisikia hatacheka. Kwa hiyo kicheko cha darasa ni kipimo: humwonyesha mwalimu kwamba wanafunzi wanalijua umbo lililoigwa.

Mfano mashuhuri ni Hardware Wars, iliyotengenezwa Marekani na Ernie Fosselius mwaka 1978. Mwaka mmoja kabla yake ilikuwa imetoka Star Wars, sinema ya vita vya angani iliyogharimu dola zipatazo milioni 11. Fosselius alitumia dola zipatazo 8,000, na sinema yake inakwisha kwa dakika 13 hivi. Jina lenyewe linaondoa nyota na kuweka vifaa vya dukani, na hivyo ndivyo picha zilivyo: chombo cha angani ni pasi ya mvuke, panga za mwanga ni tochi, mashine ya kufyonza vumbi imekuwa roboti, na sayari inayolipuliwa ni mpira wa kikapu. Msimulizi, hata hivyo, hacheki hata kidogo. Anatangaza mambo hayo kwa sauti ile ile ya kutisha inayotumika kutangazia sinema za mamilioni. Mwalimu mwanafunzi na alishike jambo hili, kwa maana hapo ndipo wanafunzi wengi hukosea: hucheka wenyewe kabla ya watazamaji, na mzaha ukafa.

Sinema hiyo ina faida nyingine, ambayo kwangu ni kubwa kuliko kicheko. Inatufanya tuitazame upya ile kubwa. Nayo Star Wars ilitengenezwa kwa vitu vya kuokoteza! Mpini wa upanga wa shujaa ulitokana na mpini wa taa ya kamera ya zamani. Vyombo vya angani vilibandikwa vipande vya vifaru na meli za plastiki za kuchezea. Mvumo wa upanga ule, Ben Burtt aliupata kwa kuchanganya ngurumo ya mota ya mashine ya kuonyeshea sinema na mlio wa televisheni. Mtoto akiyajua hayo, haitazami tena sinema kama kitu kilichoshuka kutoka mbinguni. Anauliza: wamefanyaje?

Karibu nasi, Isaac Nabwana, aliyepata kuwa mfyatua matofali, alianzisha studio yake Wakaliga, mjini Kampala, mwaka 2005. Sinema yake Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 inajulikana kuwa iligharimu chini ya dola 200. Bunduki zake ni za mbao na vyuma chakavu, na kompyuta zake ziliunganishwa kwa vipande vya kompyuta kuukuu. Hiyo ni sinema ya mapigano, si ya sayansi, na sidhani kwamba Nabwana mwenyewe alikusudia kuwadhihaki Wamarekani; anawapenda mno. Mzaha mwingi umo katika maneno ya msimulizi, VJ Emmie, anayeisifu na kuitania sinema kwa pumzi moja. (Mwalimu aitazame peke yake, mapigano yake hayawafai watoto wa shule ya msingi.) Lililo muhimu kwetu ni kwamba Nabwana alianza kuzipenda sinema utotoni kwa kusimuliwa na kaka zake waliokwenda kuzitazama. Basi yule mwanafunzi wa Mugeta ambaye hajafika kibandani si mtu wa kuachwa nyuma ya darasa. Pengine yeye ndiye atakayesikiliza vizuri kuliko wote.

Tuingie darasani. Kwa Darasa la Sita, tenga vipindi vitatu vya dakika 40. Katika cha kwanza, wanafunzi wasimulie sinema moja wanayoijua wengi. Wewe andika ubaoni mifupa tu: nani shujaa, anasafiri kwa nini, adui anataka nini, hatari inafika lini. Kisha waulize, kila kitu hiki tukikitafuta nyumbani kwetu, kitakuwa nini? Usiwape majibu. Chombo cha angani kinaweza kuwa chungio au sufuria yenye mfuniko; roboti, dumu la mafuta lenye macho ya vizibo. Wavamizi kutoka sayari nyingine wanaweza kutua usiku katika shamba la pamba na kukuta tembo wametangulia. Watoto wa vijiji vya Bunda vinavyopakana na hifadhi hawahitaji kuelezwa ni nani atakayekimbia.

Katika kipindi cha pili waandike mazungumzo. Hapa ndipo Sayansi inapoingia, na isiingizwe kwa nguvu. Mwanafunzi mmoja hakika atatia mlipuko wenye kishindo angani. Muulize kishindo hicho kilisikikaje. Sauti husafiri katika hewa, maji na vitu vigumu. Mahali pasipo na kitu chochote haisafiri. Kundi moja likiamua kuigiza mlipuko kwa kimya kabisa, huku nahodha akiziba masikio, limeijifunza kanuni hiyo na limepata kichekesho.

Kipindi cha tatu ni cha kuigiza. Kata upande wa boksi kubwa uwe fremu. Mwanafunzi mmoja aishike mbele ya wachezaji, aisogeze na kuirudisha, ili wajifunze kuchagua kinachoonekana na kinachofichwa. Simu ya mwalimu ikiwapo, mrekodi. Isipokuwapo, somo halipungukiwi.

Kuna hatari moja, nayo ni kubwa. Mwigo wa mzaha hucheka kazi, wala haucheki mtu. Kundi likianza kumwigiza mwenzao mwenye kigugumizi, au mzee wa jirani anayechechemea, simamisha mchezo papo hapo, uwarudishe kwenye swali: tunaiga sinema gani? Wakikosa jibu, huo si mwigo tena.

Wala mwanafunzi asilazimishwe kuchekesha. Pumzi, ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009, ni sinema fupi ya dakika zipatazo 20 inayosimulia kwa uzito ulimwengu ulioishiwa maji. Atakayetaka kuandika hivyo aandike. Katika kusahihisha, alama za umbo zitolewe kwa wote kwa kipimo kimoja. Alama za kuchekesha zisiwepo kabisa, kwa kuwa hizo wanafunzi wenzake wamekwisha kumpa au kumnyima.