Karoti Katika Debe



Miaka ya 1968 hadi 1972 watu wazima wengi wa Kanda ya Ziwa walijifunza kusoma kwa vitabu vya kilimo cha pamba. Leo sisi wa Kasoli tutasoma juu ya karoti.

Pengine utasema, "Karoti hazistawi kwetu." Ni kweli kwamba udongo mweusi wa mbuga haufai. Wakati wa mvua hunata, na wakati wa kiangazi hupasuka. Mzizi wa karoti hauwezi kupenya humo. Lakini unaweza kupanda karoti katika debe bovu, ndoo iliyopasuka au gunia, hapo hapo uani.

Faida yake ni nini? Karoti huupa mwili vitamini A. Mtoto akikosa vitamini hiyo, jioni haoni vizuri. Hujikwaa wakati wenzake wanacheza. Asipotibiwa, anaweza kuwa kipofu. Ukimwona mtoto wa namna hiyo, mpeleke zahanati mara moja. Usingoje karoti zikomae. Karoti ni chakula cha kumkinga, si dawa.

Kutayarisha debe

Chagua chombo chenye kina cha sentimita 30, yaani urefu wa rula ya shule. Toboa matundu chini ili maji yasituame. Changanya makarai mawili ya udongo usionata, karai moja la mchanga wa mtoni, na karai moja la samadi iliyooza. Ondoa mawe yote. Mzizi ukigonga jiwe hupinda. Samadi mbichi nayo hufanya karoti ziote vidole.

Kununua mbegu

Dukani, soma pakiti kabla ya kulipa. Tafuta tarehe ya mwisho ya kutumia. Mbegu za karoti zikikaa sana hazioti. Kama tarehe imepita, rudisha pakiti. Hii ndiyo faida ya kujua kusoma.

Kupanda

Panda mvua za masika zinapokwisha, kwa sababu karoti hupenda ubaridi kidogo. Chora mistari minne. Nyunyiza mbegu katika kina cha sentimita moja. Fukia kwa udongo laini, kisha tandaza nyasi kavu. Mwagilia taratibu kila siku. Maji uliyooshea mboga yanafaa, ila ya sabuni hayafai.

Mbegu huota baada ya siku 10 hadi 20. Usikate tamaa ukaimwaga debe! Zikiota, ondoa nyasi.

Mimi mara ya kwanza niliotesha miche, nikaihamisha kama nyanya. Nilivuna karoti zilizopinda kama kulabu. Karoti hazihamishwi. Zipande pale pale zitakapokulia.

Kupunguza miche

Miche ikifika sentimita 5, ng'oa iliyosongamana. Acha sentimita 5 kati ya mche na mche. Utaona huruma, lakini ukiiacha yote utavuna mizizi kama njiti. Debe moja hutosha karoti 16. Bega la karoti likitokeza juu, lifukie, lisiwe la kijani.

Kuvuna na kupika

Karoti nyingi hukomaa baada ya siku 70 hadi 100. Andika tarehe ya kupanda katika daftari lako. Ukipanda tarehe 1 Juni, ng'oa moja ya kujaribu mwishoni mwa Agosti.

Pika karoti pamoja na mafuta kidogo, ya pamba au ya alizeti, au kwa karanga. Bila mafuta, mwili hupata vitamini A kidogo tu. Mpe mtoto kwanza.

Maswali

1. Kwa nini udongo wa mbuga haufai kwa karoti?
2. Utasoma nini kwenye pakiti ya mbegu?
3. Mtoto asiyeona jioni apelekwe wapi?
4. Una madebe 3. Kila moja lina karoti 16. Utavuna karoti ngapi?

Kazi ya nyumbani: Tafuta chombo kibovu nyumbani kwako. Pima kina chake, uandike katika daftari. Njoo nacho darasani tukijaze pamoja.