Kula Kwanza
Kijitabu kwa watu wazima wa Masisi na Walikale, wakati wa mlipuko wa ugonjwa

Kwa nini tunaandika

Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikatangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020. Kabla haijaisha, korona ikaingia Kongo, Machi 2020. Halafu mpox ikaenea, na Shirika la Afya Duniani likaitangaza kuwa dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024. Kila mara mambo huwa yaleyale: biashara inalala, njia ya shamba inaogopwa, watu wanakaa. Na wanaokaa, hasa sisi wanaume, wanakunywa.

Pombe si chakula

Soma hapa hata kama hutasoma pengine. Kula kwanza. Usinywe kasiksi, pombe yetu ya ndizi, asubuhi ukiwa na njaa kisha useme umeshiba. Tumbo limejaa, mwili haujapata kitu. Mtu wa namna hiyo anakonda, anaishiwa nguvu, na ugonjwa ukifika unamkuta hana akiba.

Pombe si dawa pia. Wakati wa korona wengine walisema lutuku, pombe kali ya kienyeji, inaunguza virusi kooni. Ni uongo. Pombe inayoua vijidudu ni ile ya kupaka mikononi, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, haiingii kinywani. Na lutuku iliyopikwa vibaya inaweza kupofusha macho au kuua.

Acheni kupokezana kikombe! Kibuyu kimoja kwa watu kumi, mrija mmoja kwa meza nzima: mate ya mmoja yanafika kwa wote. Korona hupita humo, mpox hupita humo, Ebola nayo hupita humo. Anayekataa kikombe cha mwenzake hajamdharau mtu. Wazee, ninyi mkianza kukataa, vijana watafuata.

Wasinywe kabisa: mama mwenye mimba, mtu anayemeza dawa za kifua kikuu, na mtu mwenye ugonjwa wa ini. Mwenye tension (presha ya damu) au ugonjwa wa sukari aongee kwanza na muganga.

Baba wa nyumba, piga hesabu ya unachokunywa kwa juma moja, kisha uulize sokoni bei ya maharagi. Kula kwanza, na watoto wale kwanza.

Dawa ya tension na ya sukari

Usiiache, hata ukijisikia mzima, hata ukiogopa kufika kituoni.

Chakula tulicho nacho

Masisi inapeleka Goma maziwa, fromaji, maharagi na viazi, halafu nyumbani tunabaki na chai ya sukari. Uza, lakini bakiza. Kikombe cha maziwa yaliyochemshwa na sahani ya maharagi vinamfaa mtu mzima kuliko soda yoyote. Walikale kuna mihogo, ndizi, karanga, samaki wa mtoni, viwavi na uyoga unaojulikana. Fufu peke yake haitoshi: weka pembeni sombe, lengalenga au maharagi, na tunda likipatikana. Mawese ni mazuri, ila mchuzi usiogelee ndani yake.

Chumvi: kijiko kimoja kidogo cha chai kwa mtu kwa siku, ukihesabu kila kitu alichokula. Vikube vya mchuzi ni chumvi pia. Ukitia kikube, usitie chumvi tena.

Muhogo mchungu uloweke siku tatu au zaidi, kisha uanike vizuri. Wakati wa kukimbia vita watu hufupisha siku hizo kwa sababu ya njaa. Muhogo wa haraka una sumu inayoweza kulemaza miguu, na kilema hicho hakiponi.

Nyama ya pori

Mnyama uliyemkuta amekufa porini, usimguse, usimpasue, usimle. Toa habari kwa reko, mhamasishaji wa afya wa kijiji, au kituoni.

Mwili ufanye kazi

Mama anayeteka maji, anayebeba kuni na kulima hahitaji kuhimizwa mazoezi. Anahitaji mtu wa kumpokea mzigo. Maneno haya ni ya wanaokaa dukani, ofisini, kambini, na kwenye kiti cha kasiksi.

Tembea haraka nusu saa kwa siku, siku tano kwa juma. Pima hivi: unaweza kuongea, lakini huwezi kuimba. Njia ikiwa si salama, fanyia uani: lima bustani ya mboga, pasua kuni, inuka na ukae mara nyingi, cheza na watoto. Ukishikwa na maumivu ya kifua au pumzi ikikatika, simama na utafute muganga. Mwenye homa apumzike. Aliyetoka kuugua aanze polepole, na ale kabla ya kurudi shambani.

Kikombe chako ni chako

Usikipokezane na mtu, hata kama mwenzako ni ndugu yako wa damu.

Aliyezoea kunywa kila siku

Huyu asiachishwe ghafla bila muganga. Anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kuona vitu ambavyo havipo, hata kuanguka kifafa. Huo ni ugonjwa, si ulevi mpya wala si uchawi. Msimfungie nyumbani, msimrudishie lutuku ili atulie. Mleteni kituo cha afya siku hiyohiyo.